Maji mafupi yana adabu yake

Haya ndo maneno niliyosema skuli Matemwe mbele ya vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kuzamisha wageni, yaani kuwaongoza watalii kuzamia baharini, wao na wazee wao. Matemwe ni kijiji cha pwani hapa Unguja. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia sana.

Asalaam aleikum wazee wangu, asalaam aleikum kina mama, vijana habari zenu. Nashukuru kwa kuitwa na nashukuru zaidi kuona mabenchi yamejaa mpaka nyuma kule, mana nilidhani watakuja wale wanaotaka kazi peke yao, kumbe wamekuja na wakubwa zao, na hilo ni jambo zuri sana. Mie mtoto wa hapa hapa, kwetu mnakujua. Huu mwaka wa kumi na nne nazamisha wageni kwa mtungi wa hewa, na karibu siku zangu zote za kazi zimepita kwenye mwamba wa matumbawe wa kisiwa cha Mnemba, huo huo mnaouona kila mkitoka nje asubuhi.

Nilikuwa nimejipangia pa kuanzia lakini hapo mlangoni bi mkubwa mmoja kanishika mkono, kaniambia, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu anapiga mbizi tangu ana miaka saba, pweza anamtoa pangoni kwa mkono wake, sasa leo wanasema akafundishwe kuzamia, afundishwe nini tena?" Nikamwambia bibi kaa mbele, nitakujibu mbele ya watu. Kwaiyo naanzia hapo, mana swali lake ndo kiini cha yote niliyokuja kusema.

Bibi, mjukuu wako anatakiwa afundishwe kwa sababu hiyo hiyo, kwamba bahari anaijua. Alichojifunza tangu miaka saba ni kubana pumzi. Sisi watu wa pwani mtoto hodari ni yule anayekaa chini muda mrefu, wenzake wameshaibuka yeye bado, watu wanaanza kuitana, alafu anatokea na pweza mkononi. Basi siku anayovaa mtungi mgongoni sheria ya kwanza kabisa, kabla ya zote, ni kwamba pumzi haibanwi. Unavuta unatoa, unavuta unatoa, mwanzo mpaka mwisho, hata ukishtuka, hata ukiona papa, hata ukicheka. Kile kilichomfanya awe hodari kinaweza kumuua.

Nieleze kwa nini, mana sipendi kijana akariri kitu asichokijua. Chukua puto lile la sikukuu, wanalouziwa watoto Idi. Ukilijaza hapa juu ukaenda nalo chini mita kumi, linasinyaa mpaka nusu, maji yanalibana. Ukirudi nalo juu linarudi vile vile lilivyokuwa, halipasuki. Hivo ndivyo mapafu ya mpiga mbizi yalivyo, hewa alishuka nayo kutoka juu, ikabanwa, akarudi nayo, ikarudi saizi yake. Hana tatizo. Sasa chukua puto jengine tupu, shuka nalo mita kumi, lijaze huko huko chini kwa hewa ya mtungi, lifunge, alafu liachie lipande. Likifika juu linataka kuwa kubwa mara mbili. Litapasuka kabla halijafika. Mtu wa mtungi anajaza mapafu yake chini, kwaiyo akibana pumzi akapanda, mapafu yake ndo puto la pili. Hewa inachana nyama ya mapafu, inaingia kwenye damu, inaweza kwenda mpaka kwenye ubongo, na mtu anapoteza fahamu pale pale akifika juu.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Watu wengi wanadhani kina kirefu ndo cha kuogopwa na maji mafupi ni pa kuchezea. Kwa mapafu ni kinyume chake. Kutoka mita ishirini kuja mita kumi ile hewa inaongezeka nusu tu ya ilivyokuwa, lakini kutoka mita kumi mpaka juu inaongezeka maradufu. Mabadiliko makubwa yote yako kwenye hizi mita kumi za juu, ndo huku huku tunakowapeleka wageni wa siku ya kwanza, wazee, watoto wa miaka kumi. Mtu anaweza kuumia mapafu akipanda mita moja au mbili tu akiwa kajaza kifua na kabana. Mita mbili, wazee wangu, ni kina cha kisima.

Mie mwenyewe yalinikuta. Wiki yangu ya kwanza, mita tano tu, maji safi unaona kivuli cha boti kwenye mchanga. Nikamuona pweza katia kichwa kwenye tundu, kabaki jicho. Sikufikiria chochote, mwili ulifanya ulichozoea, nikavuta pumzi nikaibana ili mapovu yasimshtue. Kifua kikajaa, na kifua kikijaa mtu anaelea, nikaanza kupanda taratibu bila kujua, macho yangu yote kwa pweza. Mwalimu wangu kanivuta mguu kwa nguvu, kanipiga kifuani kwa kiganja mpaka mapovu yakatoka. Nilikasirika, nikaona kanidhalilisha mbele ya wenzangu. Jioni tumekaa na chai akaniuliza, "Ulikuwa unafanya nini pale?" Nikamwambia nilikuwa natazama pweza. Akasema, "Ulikuwa unapanda." Nusu ya somo langu lote la kuzamia liko kwenye neno lile.

Alafu vile vitu vingine nipite haraka mana mtavisoma darasani. Masikio yasawazishwe mapema, unabana pua unapuliza taratibu, tangu mita ya kwanza, usisubiri mpaka yaume. Mwenye mafua azamie siku nyengine. Mtungini hamna oksijeni tupu kama watu wanavyosema mitaani, ni hewa hii hii tunayovuta hapa, imeshindiliwa, mtungi ukijaa saa yake ya presha inasoma baa 200 na ukifika 50 uwe tayari uko juu au unapanda. Kupanda usilipite povu lako dogo kabisa, lile ndo likuongoze. Tunasimama mita tano dakika tatu kabla ya kutoka. Na mgeni aliyezamia mara kadhaa asipande ndege mpaka zipite saa 18, muulizeni ndege yake lini kabla hajavaa, sio baada.

Sasa tuje kwenye mwamba wenyewe.

Matumbawe yake sisi tumeyazoea kuyaita mawe. Na tuna haki, mana ni mawe yaliyotulea, nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya zamani na chokaa iliyochomwa kutokana nayo, na hapa kijijini pia kuta zetu nyingi ni hivo hivo. Lakini lile lililo hai chini ya maji ni wanyama. Vijinyama vidogo, laki kwa laki, kila kimoja kina mdomo na mikono yake midogo ya kukamatia chakula, na vinajijengea hiyo nyumba ya chokaa kidogo kidogo. Ndani ya ngozi zao wanaishi mwani wadogo usiowaona kwa jicho, wale wanapika chakula kwa jua na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa ya anachokula. Ndo mana mwamba uliostawi uko maji mafupi. Unataka jua. Mtu anayetafuta uzuri wa matumbawe akaenda mita thelathini kaupita uzuri wenyewe njiani. Na rangi pia, nyekundu ndo ya kwanza kupotea, mita tano tu ishaanza kufa, ukienda chini zaidi kila kitu kinakuwa buluu na kijivu. Huku juu kitatange ana manjano yake kamili, pono ana kijani na waridi lake.

Kwaiyo maji mafupi ndo pazuri kuliko kote, ndo pa hatari kuliko kote kwa mapafu ya mtu anayejifunza, na ndo pepesi kuliko kote kuvunjika. Vyote mahali pamoja. Naomba mkae na hilo kichwani.

Nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Mwaka wangu wa tatu kazini, nilikuwa naongoza wageni sita, kampuni niliyokuwa nayo siitaji. Asubuhi ile tulichelewa, boti mbili zinasubiriana, hakuna aliyepimwa risasi, yaani ule uzito wa kiunoni. Mgeni mmoja mwanaume mzito wa mwili alikuwa hawezi kushuka, anaelea elea juu, na sababu hasa ilikuwa hofu, kifua kimejaa hewa. Badala ya kumtuliza nikamuongezea risasi kilo mbili, alafu mbili tena. Akashuka kama jiwe. Chini akawa mzito miguuni, anasimama wima badala ya kulala, na kila akijaribu kujiinua anapiga fini chini, yale mapezi ya kuvaa miguuni. Nikasikia ka! Majini sauti inasafiri kwa kasi mara nne kuliko hewani, huwezi kujua imetoka wapi, lakini mie nilijua. Nilipogeuka kapiga magoti kwenye tumbawe la meza, lile linalotandaza kama sinia, na pembe moja kubwa iko kwenye mchanga.

Niliiokota. Ilikuwa upana wa kiganja changu na nusu, juu ina rangi ya kahawia na ncha zake buluu mpauko, pale ilipovunjika nyeupe pee kama nazi iliyopasuliwa saivi. Kijisamaki kimoja kidogo cha kijani kilikuwa bado kinaizunguka mkononi mwangu, kilikuwa kinaishi humo, hakikutaka kuondoka. Nikaiweka chini pale pale nikaendelea na wageni. Matumbawe ya matawi yakikaa vizuri yanakua sentimita kadhaa kwa mwaka, mengine hata kumi, lakini yale ya duara magumu makubwa kama gari, yale yanakua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, kwaiyo ukimuona mmoja ana mita mbili tatu kwenda juu jua alikuwepo kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Mgeni yule sikumlaumu na hata leo simlaumu. Mkono uliotia risasi ni huu.

Tangu siku ile mtu wangu hashuki mpaka nimempima. Mnamuweka juu ya maji, jaketi lake la kuelea halina hewa, anavuta pumzi ya kawaida, maji yakae usawa wa macho yake. Akitoa pumzi azame kidogo. Basi, hiyo ndo saizi yake, kuzidi hapo ni kwa sababu ya haraka ya muongozaji. Ikichukua robo saa ichukue robo saa. Nakhodha atanuna, mwache anune.

Na kuelea kwenyewe, hii ndo kazi, hii ndo fani yote. Kukaa pale pale katikati ya maji, hupandi hushuki, mikono umeikunja kifuani, kama ngisi anavyoning'inia akiwa hana haraka. Kunafanywa na pumzi. Ukivuta kidogo unapanda kidogo, ukitoa unashuka, lakini mwili haujibu papo hapo, unahesabu moja, mbili, ndo unajibu, na wanaojifunza wote wanakosea hapo, anavuta haoni kitu, anavuta tena, ghafla yuko juu. Lazima uijue ile moja mbili ya mwili wako. Na teke lipigwe la chura, miguu inafunguka pembeni, lile la juu chini linatimua mchanga na mchanga ukitua juu ya tumbawe unalizika hai. Glavu sivai, mikono iwe mitupu ili ikumbuke kuwa haina pa kushika. Kamera usimpe mtu ambaye hajajua kuelea, hata akilia, mana akishaweka jicho kwenye kamera miguu yake inakuwa haina mwenyewe.

Mtu akishajua kuelea ndo mwamba unamfungukia. Kuna kijisamaki chembamba kina mstari mweusi na buluu, kazi yake ni kusafisha wenzake. Kina kituo chake, siku zote pale pale, na samaki wanakwenda kupanga foleni. Nimemuona chewa mkubwa, anayeweza kukimeza bila kutafuna, kafungua mdomo na mashavu kasimama wima, kile kidogo kinaingia kinatoka mdomoni kinamtoa wadudu kwenye meno. Ukikaa kimya bila kuchezesha mikono unaweza kulitazama hilo dakika ishirini. Ukifika kwa fujo wanaondoka wote na mgeni wako atakwambia hakuna samaki hapa.

Na pono. Sisi tunasema fulani kalala usingizi wa pono. Mie nililisikia tangu mdogo kwa mama akituamsha alfajiri, nikadhani ni maneno tu. Siku ya kwanza kuzamia usiku na taa nikamkuta kajibanza chini ya jiwe, kalala kweli, nikamsogelea mpaka uso na uso, hakutikisika. Na baadhi ya pono kabla ya kulala wanajitolea ute mdomoni unawafunika mwili mzima kama chandarua, unaona kwa taa unang'aa mwembamba kama mfuko wa plastiki. Wazee wetu waliotunga msemo ule hawakuwa na taa ya majini wala mtungi, lakini pono walimjua. Na huyo pono ndo anayekwangua mwani kwenye mwamba kwa meno yake, anasaga chokaa, anatoa mchanga, kwaiyo ule mchanga mweupe ambao mahoteli yanauuza kwenye picha sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Wavuvi wangu mnaonisikiliza, pono mkubwa akimalizwa kwenye mwamba, mwani unapanda juu ya matumbawe unayafunika. Sisemi msile pono. Nasema sehemu iliyofungwa isivuliwe iachiwe pono wake.

Kuna samaki mmoja wa kumheshimu, kikande mkubwa. Akiwa na mayai hana mchezo, anakuja na meno. Eneo lake linapanda juu kama mdomo wa funeli, kwaiyo ukikimbilia juu bado uko nyumbani kwake. Toka kwa ubavu, fini zikiwa baina yako na yeye.

Hapa nataka niwaambie vijana kitu ambacho hamtakikuta kwenye vitabu vya kozi, mana vimeandikwa na watu wa bahari nyengine. Bahari yetu maji yake yanapwa na kujaa sana, wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko zote, tofauti ya maji makubwa na maji madogo inafika kama mita nne. Maana yake mwamba ulioambiwa una mita tano, saa nyengine una mita moja juu yake, na matumbo ya wageni yanapita juu ya matumbawe. Sasa hamhitaji programu ya simu kujua hilo, tazameni kalenda ya Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi wa kumi na tano, hapo na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa saa kumi kumi, alfajiri na jioni, yanakauka saa nne nne, na mkondo unavuta vibaya mno, hasa kwenye milango ya mwamba. Tarehe saba nane na ishirini na mbili ni maji mafu, bahari imelegea, hizo ndo siku za kumfundishia mtu. Wazee mliokaa hapa mnayajua haya kuliko mwalimu yoyote anayekuja na cheti. Nawaomba muwafundishe. Kijana aje kwenye kozi ameshajua mwezi, na pepo za kusi na kaskazi, nami nitamfundisha pumzi.

Kuhusu hifadhi nitasema kidogo, mana najua kuna watu humu wana kinyongo na nakielewa. Mnemba imetangazwa eneo la hifadhi 2002. Kule Pemba kisiwa cha Misali kilitangulia, 1998. Na Misali ina hadithi yake ambayo Wapemba wanaijua wote, kwamba Nabii Hidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe ndo kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Ilipofika kuhifadhi, watu walikumbushana kwa lugha hiyo hiyo ya dini, kwamba bahari ni amana, na mvuvi aliyekuwa hataki kusikia habari za ofisi alisikia hilo. Chumbe nako, kusini ya mjini, kwenye ule mnara wa taa wa 1904, mwamba wake ulifungwa rasmi 1994 na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi. Na nataka mjue kwamba Chumbe wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mtungi. Miwani na snoko, ule mrija wa kupumulia, basi, wanaelea juu na mlinzi anakwenda nao. Mwamba ni mfupi, unaonekana wote kutoka juu, mtungi wa nini? Mie ninayekula kwa mtungi nasema wamefanya sawa. Na ule ni katika miamba mizima kabisa iliyobaki upande wetu wa Afrika, zaidi ya aina mia nne za samaki.

Kinyongo chenu ni hiki, mvuvi kaambiwa asitupe nanga, asivute juya, ule wavu wa kukokota, alafu anaona boti ishirini za wageni zimejazana pale pale, zinamfukuza pomboo huku na huku mpaka anashindwa kupumua vizuri, na nanga zinatupwa juu ya matumbawe mchana kweupe. Mna haki. Mie niko kwenye hiyo biashara na nasema mna haki. Hifadhi inayomzuia mvuvi na kumwachia mwenye boti ya wageni haitakaa. Ndo mana nakuja kwenu, mana wengi wanaoziendesha zile boti ni watoto wetu, na mtoto anayejua boya liko wapi na akafunga kamba boyani badala ya kutupa nanga, huyo kafanya kazi kuliko bango.

Mtu ataniambia yote haya ya nini wakati joto lenyewe linaua. Ni kweli. Mwaka 1998 wakati wa El Niño bahari yetu ilipata joto matumbawe yakageuka meupe, mie nilikuwa mdogo lakini wavuvi wakubwa wanasimulia mwamba uliokuwa unang'aa kama mifupa. Digrii moja tu au zaidi kidogo juu ya joto la kawaida la kaskazi, likikaa wiki kadhaa, lile tumbawe linawafukuza wapishi wake wale wadogo. Likiwa jeupe halijafa bado, lina njaa. Maji yakipoa mapema linaweza kurudi. Na hapo ndo nataka mfikirie, mgonjwa yuko kitandani anahangaika kupona, wewe umpige fini? Joto hatuliwezi hapa Matemwe. Fini, nanga na risasi tunaziweza leo.

Neno la mwisho kwa kina mama. Mabinti. Nyinyi mmekaa kwenye maji mkilima mwani miaka yote, na wengi wenu hamjui kuogelea, na siwalaumu, hakuna aliyewafundisha. Lakini msichana akijifunza na nguo zake za stara, akiwa na mwalimu mwanamke, kuna ubaya gani? Wako wanawake wazuri kwenye kazi hii saivi hapa Unguja. Nimegundua wasichana wanaelea haraka kuliko wavulana, kwa sababu hawajazoea kubana pumzi, hawana cha kusahau.

Basi. Jumamosi ya wiki ijayo mwezi utakuwa tarehe nane, maji mafu. Tukutane pwani saa moja asubuhi, maji yatakuwa yanajaa taratibu, saa nne tumeshamaliza. Siku ya kwanza hakuna mtungi, ni kuelea tu na kuhesabu pumzi, kwenye mchanga, mbali na matumbawe. Mwenye miwani aje nayo, asiye nayo ninazo nane za kupokezana. Mwenye mafua atakaa botini anishikie kamba. Bibi, yule mjukuu wako nataka apande boti ya kwanza, akae karibu yangu, na siku hiyo pweza tutamwacha kwenye tundu lake.